Wahitimu Mkitaka Kulitunza Bweni Lenu la Zamani

Mahafali yakikaribia, makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma pamoja huchangamka. Mtu anatuma picha ya bweni alilolala miaka 20 iliyopita: dari imeshuka, ukuta umeota weusi wa unyevu, dirisha limezibwa kwa boksi. Ndani ya saa chache ahadi za michango zinafika milioni kadhaa. Wiki hiyo ndiyo yenye hatari kuliko zote. Ari ni kubwa, fedha zimeanza kuingia kwenye simu ya mtu mmoja, na bado hakuna aliyeuliza jengo ni la nani, linaumwa wapi, wala nani atalitazama rangi mpya ikishakauka.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyechaguliwa mwenyekiti, katibu au mhazini wa umoja wa wahitimu, na kwa mwanachama anayetaka kujua mchango wake unakwenda wapi. Nimeandika nikiwa na Tanzania Bara akilini. Kenya, Uganda na Zanzibar ofisi na majina ya sheria ni mengine, ila kazi yenyewe ni ileile.

Niseme mapema ninachoamini, maana hatua zote zinafuata hapo: umoja wa wahitimu unafaa zaidi ukiwa mtunzaji kuliko ukiwa mjenzi. Fedha za kujenga bweni jipya zina wenyewe. Serikali hutenga, wafadhili hutoa, viongozi huja kuweka jiwe la msingi. Fedha za kubadilisha bati tatu mwezi wa pili, kabla mvua haijaozesha kenchi, hazina mwenyewe. Hapo ndipo wahitimu wanapohitajika.

1. Jueni jengo ni la nani

Kabla ya kukusanya hata shilingi, someni hali yenu ni ipi kati ya hizi tatu.

Kwanza, bweni la shule ya serikali. Hilo ni mali ya umma. Ninyi ni wageni waalikwa, hata kama jina la darasa lenu limeandikwa mlangoni. Pili, bweni la shule ya dini au taasisi binafsi. Mmiliki ni dayosisi, jumuiya ya dini au bodi ya wadhamini wake, na mkuu wa shule peke yake hawezi kuwapa ruhusa ya kubomoa ukuta. Tatu, hosteli ambayo umoja wenyewe umeinunua au kuijenga karibu na chuo. Hapo mzigo wote ni wenu: hati, kodi, ulinzi, wapangaji.

Kwa hali hiyo ya tatu upo mfano wa kujifunza. Marekani, vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vina nyumba wanamoishi wanachama wakiwa masomoni. Mara nyingi wanafunzi hao hawaimiliki nyumba. Wahitimu wameunda shirika lao tofauti, lenye bodi na akaunti yake, nalo ndilo lenye hati. Wanafunzi hulipa kodi ya chumba kama wapangaji, na sehemu ya kodi hiyo inawekwa akiba ya paa na mabomba. Sababu yake ni rahisi kuiona. Mwanafunzi hukaa miaka minne na kuondoka, lakini paa linataka mtu atakayelikumbuka kwa miaka 30.

Hatua za kuchukua:

1. Mwandikieni barua mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Kama ni shule ya serikali, ombeni ifikishwe kwa mkurugenzi wa halmashauri. Simu na salamu za mahafali hazitoshi, kwa sababu mkuu wa shule anaweza kuhamishwa wakati wowote na anayekuja hatajua mlikubaliana nini.
2. Andikeni makubaliano. Kurasa mbili zinatosha, mradi zijibu maswali haya: nani anaidhinisha kazi, nani anashika funguo, nani analipa umeme na maji, fedha zinatoka akaunti ipi, na makubaliano yanadumu miaka mingapi. Ongezeni kifungu kwamba bweni halitageuzwa stoo au ofisi bila ninyi kuarifiwa.
3. Sajilini umoja wenu kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Bila usajili, kufungua akaunti kwa jina la umoja kutawasumbua, na mkidhulumiwa mtakosa pa kusimamia.
4. Mkiwa na kiwanja au hosteli yenu, sajilini bodi ya wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318. Hati miliki iandikwe kwa jina la bodi hiyo. Wekeni kumbukumbu ya kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU, kwa hiyo hakikisheni ni mita ipi inayokatwa na kwa jengo lipi.

> ONYO
> Msikubali kiwanja kiandikwe kwa jina la mwenyekiti "kwa muda tu". Mwenyekiti akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi, nanyi mtasimama mahakamani mbele ya mjane na watoto wake mkidai mali ambayo karatasi zote zinasema ni ya baba yao. Mwenyekiti wenu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na jambo hili bado likawakuta.

2. Likagueni jengo kabla ya kuchangisha

Wahitimu wengi huanza na rangi kwa kuwa rangi inaonekana kwenye picha. Rangi ni kazi ya mwisho. Adui mkubwa wa jengo katika nchi zetu ni maji: yanayotoka juu kupitia paa, yanayopanda toka chini kwenye msingi, na yanayovuja ndani ya ukuta toka bafuni. Ukipaka rangi ukuta wenye unyevu, itababuka kabla ya mwaka kuisha na waliochanga watauliza fedha zilikwenda wapi.

Fanyeni ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kwa kufuata mvua. Penye masika na vuli, kagueni Februari na Septemba. Kwenye mvua za msimu mmoja, kama Tabora, Dodoma na Iringa, kagueni Septemba au Oktoba, halafu mara ya pili mvua zikiisha. Mara ya kwanza lipieni fundi mwandamizi au mwombeni mhandisi wa halmashauri. Baada ya hapo wanachama wawili wanaoishi karibu na shule wanaweza kuifanya kwa nusu siku.

Anzieni juu. Siku ya jua kali ingieni darini mchana, mzime tochi, mtulie dakika chache macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga mtakayoiona ni tundu. Hesabuni na mchore mahali lilipo. Kisha washeni tochi mtazame kenchi. Gongeni kila mbao kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi, na ncha ya bisibisi huzama bila kusukumwa sana. Tazameni misumari ya bati pia. Kwenye bati za migongo ya mawimbi, msumari hupigwa juu ya mgongo. Uliopigwa bondeni utavuja hata bati likiwa jipya, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita.

Shukeni kwenye kuta. Ufa wenyewe usiwatishe. La kujua ni kama unakua. Kwa penseli chora mstari mfupi kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, piga picha. Rudini baada ya miezi mitatu. Ufa uliovuka mstari unahitaji mhandisi, na hapo acheni kabisa kuuziba kwa plasta, maana mtakuwa mnaficha dalili.

Kama bweni ni la zamani sana, la enzi za Wajerumani au la miaka ya mwanzo ya Waingereza, huenda kuta zake zilijengwa kwa chokaa. Zirekebisheni kwa chokaa. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache hubanduka vipande vikubwa pamoja na ngozi ya ukuta wenyewe. Mafundi wengi wa leo watawaambia saruji ni imara zaidi. Tafuteni aliyewahi kufanya kazi kwenye majengo ya kale, hata kama itabidi kumtoa Bagamoyo au Zanzibar.

Choo na bafu vinajulikana: mabomba yanayovuja, mifuniko ya chemba iliyovunjika, shimo la maji taka lililojaa. Andikeni, msonge mbele.

> ONYO: PAA LA ASBESTO
> Mabweni mengi ya zamani yameezekwa kwa shiti za asbesto, za kijivu, ngumu, zinazovunjika kama kigae. Vumbi lake likivutwa husababisha magonjwa ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Msitoboe, msikate, msisugue kwa brashi, wala msiwatume wanafunzi kuokota vipande. Paa likiwa zima, liacheni bila kuguswa. Likihitaji kuondolewa, ulizeni kwanza mamlaka ya mazingira, yaani NEMC, au NEMA kwa Kenya, juu ya namna ya kuliondoa na mahali pa kulitupa.

3. Moto haungojei bajeti

Kama fedha zenu za mwaka wa kwanza zinatosha jambo moja tu, liwe hili. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa bwenini usiku mmoja. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024, Endarasha, Nyeri, watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni. Nondo hizo huwekwa kwa nia njema, kuzuia wezi na kuzuia watoto kutoroka. Wahitimu wengi wamezichangia wenyewe wakaziita usalama.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 una vipimo ambavyo shule yoyote inaweza kuvitumia. Chukueni futi kamba mwende navyo:

- ☐ Kila mlango una upana usiopungua futi 5 na unafunguka kwa nje.
- ☐ Kuna mlango kila mwisho wa bweni, na wa dharura katikati.
- ☐ Hakuna mlango unaofungwa kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.
- ☐ Madirisha hayana nondo na yanafunguka kwa nje kwa urahisi.
- ☐ Kati ya kitanda na kitanda pana nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupita ina mita 2.
- ☐ Kila mlango wa kutokea una kizima moto.

Ongezeni viwili vya kwangu. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni afungue ubao wa breka: mkikuta breka imeondolewa na waya umeunganishwa moja kwa moja, bweni hilo lizimwe umeme siku hiyohiyo. Na ombeni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lije kukagua na kuwafundisha wanafunzi kutoka gizani.

Mkuu wa shule akisema nondo zikitolewa wezi wataingia, hoja yake ina uzito. Msimwache nayo peke yake. Changieni mlinzi wa usiku na taa ya nje, ndipo nondo zikatwe.

4. Fedha: ndogo, za kila mwezi, zisizochanganywa

Mchango wa hamasa huingia mara moja na kuisha. Bweni linahitaji fedha inayotabirika. Kiasi gani? Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba kwa majengo ya umma itengwe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo. Tuseme bweni lenu leo lingejengwa kwa milioni 150. Mnahitaji kati ya milioni 3 na milioni 6 kwa mwaka.

Sasa hesabuni wanachama. Tuseme mko 120 na ada ni 5,000 kwa mwezi. Karatasi itasema 7,200,000 kwa mwaka. Msiiamini karatasi, pangeni bajeti kwa watu 6 kati ya 10, yaani 4,320,000, na atakayezidi awe nyongeza. Kisha gawanyeni:

- Uendeshaji (barua, nauli za ukaguzi, makato ya benki): 432,000
- Matengenezo ya kawaida ya mwaka: 2,160,000
- Akiba ya kazi kubwa: 1,728,000

Akiba hiyo kwa miaka 10 ni 17,280,000 kabla ya faida. Isikae bure kwenye akaunti ya kila siku. Amana ya muda maalumu benki, au vipande vya mfuko kama Ukwasi wa UTT AMIS, ambavyo huuzwa fedha ikihitajika, vinafaa kwa umoja wa ukubwa huu. Kuwakopesha wanachama kwa riba hakufai, hata kama hesabu yake inavutia. Mkianza kukopeshana mmekuwa kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sheria zake na ugomvi wake.

Taratibu za chini kabisa:

1. Akaunti ya benki kwa jina la umoja, watia saini watatu, na kila malipo yawe na saini mbili. Mhazini na mwenyekiti wasiwe ndugu wala washirika wa biashara.
2. Michango iingie kwa lipa namba au akaunti ya umoja tu. Aliye Muscat, London au Minnesota atume hukohuko. Asitume kwa rafiki "amkabidhi mhazini".
3. Anayeomba fedha, anayeidhinisha na anayelipa wawe watu watatu tofauti.
4. Kila ununuzi uwe na risiti ya EFD. Kwa kazi ndogo isiyo na risiti, fundi asaini hati ya malipo yenye jina, simu, kazi na kiasi.

Kuna jambo moja linaloua hazina za wahitimu kuliko wizi, nalo ni huruma. Mwenzenu amefiwa na mama, au amelazwa Muhimbili na anahitaji fedha leo. Kundi zima linalia, na mhazini ana milioni 3 za bweni mkononi. Nani atathubutu kusema hapana? Fedha inatolewa "tutairudisha", nayo hairudi, na mwezi unaofuata wapo waliofiwa wengine wenye haki ileile. Dawa si kuwa na moyo mgumu. Anzisheni mfuko wa pili wa misiba na magonjwa, wenye ada yake ndogo, akaunti yake na kiwango kilichoandikwa: kiasi fulani kwa mzazi, kiasi fulani kwa mwanachama. Mhazini akiulizwa saa nne usiku, awe na la kujibu ambalo mlilikubali wote mchana mkiwa na utulivu. Harusi zibaki kwenye makundi yao.

5. Kumpa fundi kazi

Kwa kazi ndogo na za kati, mtindo wa force akaunti, ambao shule za serikali zinautumia, unawafaa: mnanunua vifaa wenyewe, mnamlipa fundi ufundi tu.

1. Andaeni mchanganuo wa gharama, BOQ, wenye vipimo. "Kukarabati paa" si kipimo. "Kubadilisha bati 8 za geji 28, mita 3, upande wa mashariki" ni kipimo.
2. Chukueni bei kwa mafundi watatu na maduka matatu. Ya chini kuliko zote si lazima ishinde. Andikeni sababu ya kuchagua.
3. Sainini mkataba wa ukurasa mmoja, hata kama fundi ni kaka wa mwanachama. Hasa kama ni kaka wa mwanachama.
4. Lipeni kwa hatua. Kwa ufundi wa 2,000,000: 400,000 kuanza, 800,000 nusu ya kazi, 600,000 kumaliza, na 200,000 ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita bila kuvuja.
5. Anayepokea vifaa shuleni asiwe aliyevinunua. Mwalimu wa stoo apokee, ahesabu na kusaini.

Kazi ifanyike likizo. Wanafunzi wakiwapo, bweni lifungwe sehemu kwa sehemu, na msumari wowote uliodondoka uokotwe kabla ya jioni.

6. Taarifa na makabidhiano

Kila miezi mitatu bandikeni taarifa fupi kundini pamoja na taarifa ya benki kama ilivyotoka. Mfano:

> TAARIFA, JANUARI–MACHI
> Salio la mwanzo: 3,150,000
> Ada zilizoingia: 1,085,000
> Mchango maalumu: 400,000
> Bati 8 na misumari: 296,000
> Ufundi: 180,000
> Gari la kunyonya maji taka: 120,000
> Makato ya benki: 14,000
> Salio la mwisho: 4,025,000
> Kazi inayofuata: breka mbili na mlango wa kaskazini

Orodha ya wasiolipa isibandikwe kundini. Katibu ampigie mtu simu, amsalimie, amsikilize. Wapo waliopoteza kazi, na aliyeaibishwa mbele ya wenzake wa darasa haondoki na ada yake tu, huondoka moja kwa moja.

Shuleni wekeni daftari la kasoro kwa kiranja wa bweni lenye safu nne: tarehe, kasoro, aliyearifiwa, tarehe ya kurekebishwa. Anayelala chini ya tundu ndiye anayelijua kabla yenu.

Uongozi unapobadilika, makabidhiano yafanyike ana kwa ana, mbele ya mjumbe wa shule, na pande zote mbili zisaini:

- ☐ Cheti cha usajili, katiba na makubaliano na shule
- ☐ Hati miliki au nakala yake, kama ipo
- ☐ Majina ya watia saini yamebadilishwa benki (kabla ya sherehe ya kuagana)
- ☐ Laini ya simu ya umoja na namba zake za siri
- ☐ Vitabu vya risiti, hati za malipo na taarifa za benki
- ☐ Ripoti za ukaguzi wa jengo na picha za nyufa zenye tarehe
- ☐ Mikataba ya mafundi, pamoja na fedha zilizozuiliwa kusubiri mvua
- ☐ Majina ya wanachama wawili wahasibu, wasio viongozi, watakaokagua hesabu ndani ya miezi miwili